Goma–Kinshasa: kilomita 1,560 angani, zaidi ya 3,300 kwa msafiri

Ukichora mstari ulionyooka kutoka uwanja wa ndege wa Goma hadi ule wa N'djili, Kinshasa, unapata kilomita 1,560 hivi. Ukichora mwingine kutoka uwanja wa Luano, Lubumbashi, hadi N'djili, unapata kilomita 1,553 hivi. Miji hiyo miwili iko mbali na mji mkuu karibu sawasawa. Tofauti haifiki hata kilomita kumi. Ndege ya abiria ya kawaida, Boeing 737 ama Airbus A320, inamaliza mwendo huo kwa muda wa saa mbili na robo hivi.

Lakini mkaaji wa Lubumbashi anayepanda ndege asubuhi, mchana anakula Kinshasa. Mkaaji wa Goma anavuka mpaka kwa miguu, anapanda basi hadi Kigali, anaruka hadi Nairobi ama Addis Ababa, anangoja masaa mengi, mara nyingine analala huko, ndipo anarudi upande wa magharibi kuelekea mji mkuu wa nchi yake mwenyewe. Hali hiyo imeanza mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa AFC/M23 walipoingia Goma na ndege za abiria zikasimama. Majuma mawili na nusu baadaye, tarehe 14 Februari, uwanja wa Kavumu unaohudumia Bukavu nao ukaangukia mikononi mwao.

Tangu hapo uwanja wa Goma umekuwa jambo la wanajeshi, la wanadiplomasia na la mashirika ya misaada. Msafiri wa kawaida hana kiti kwenye mazungumzo hayo. Hilo ni kosa, na kosa hilo linagusa umoja wa nchi. Kufunguliwa kwa safari za raia kati ya Goma na Kinshasa kunastahili kuwa dai lenye jina lake mezani. Kusiachwe kama zawadi itakayokuja yenyewe siku vita vitakapokwisha.

Hesabu ya ramani na hesabu ya njia

Umbali kati ya viwanja viwili vya ndege hupimwa jinsi ndege wa porini anavyoruka: moja kwa moja juu ya milima, mito na misitu, kwa kufuata duara la dunia. Kisha umbali huo hugawanywa kwa mwendo wa ndege, ambao ni kilomita 800 hivi kwa saa, na huongezwa muda kidogo kwa ajili ya kupaa na kushuka. Ndiyo maana Goma–Kinshasa inatoka kuwa zaidi kidogo ya saa mbili, sawa na Lubumbashi–Kinshasa.

Saa za ukutani huchanganya kidogo, kwa kuwa Kongo ina majira mawili na mashariki iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Ndege ikiondoka Kinshasa saa nne asubuhi inatua Goma saa saba na robo kwa saa ya Goma, na tiketi inaonekana kana kwamba safari imechukua saa tatu na zaidi. Ikirudi kutoka Goma saa nane mchana, inatua Kinshasa saa tisa na robo kwa saa ya huko, kana kwamba imeruka saa moja na robo tu. Mwendo ni ule ule.

Tuseme sasa msafiri anapita njia inayobaki wazi. Kutoka Goma hadi Kigali ni kilomita 160 hivi za barabara ya milima, masaa matatu ama zaidi ndani ya basi. Kigali–Nairobi ni kilomita 760 hivi angani. Nairobi–Kinshasa ni 2,400 hivi. Jumla inapita kilomita 3,300, yaani zaidi ya mara mbili ya umbali wa kweli. Ndani ya ndege peke yake anakaa masaa matano hivi, bila kuhesabu mpaka, basi, foleni na kungojea ndege ya pili.

Akipita Addis Ababa ni mbali zaidi. Kigali–Addis Ababa ni kilomita 1,550 hivi, karibu sawa na safari nzima ya Goma–Kinshasa, ila msafiri huyo anakuwa ameelekea kaskazini-mashariki na kuipa Kinshasa mgongo. Kutoka Addis anabaki na kilomita karibu 3,000 za kurudi. Jumla, barabara ikiwemo, inafika 4,700 hivi: mara tatu ya umbali ulio kwenye ramani.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini asiruke Kigali–Kinshasa moja kwa moja, kilomita 1,650 hivi tu. Njia hiyo ilifungwa kwa sababu za kisiasa. Mwishoni mwa Mei 2022, serikali ya Kinshasa ilisimamisha safari za RwandAir nchini Kongo, ikiishutumu Rwanda kwamba inaunga mkono M23. Februari 2025 ikaenda mbali zaidi na kufunga anga lake kwa ndege zote zilizoandikishwa Rwanda ama zenye makao huko. Serikali ina haki ya kulinda anga lake, hakuna wa kubisha hilo. Ila ni vema isemwe wazi pia kwamba sehemu ya gharama ya uamuzi huo inalipwa na Wakongomani wa Goma na Bukavu.

Inabaki njia ya ndani, ile ya Beni. Uwanja wa Mavivi uko chini ya serikali, na kutoka huko hadi Kinshasa ni kilomita 1,650 hivi. Shida ni kufika huko. Barabara ya kitaifa namba 2, kupitia Rutshuru, Kanyabayonga, Lubero na Butembo, ina urefu wa kilomita 350 hivi kutoka Goma, na imekatwa na mstari wa mapigano katika wilaya ya Lubero. Kwa hiyo wengi huzunguka Uganda: wanatoka Bunagana na kuingia tena Kasindi, kisha wanapita barabara ya Kasindi–Beni ambayo ADF wamewahi kuwavizia wasafiri. Mtu anatoka nje ya nchi ili aende kutoka wilaya moja hadi nyingine ndani ya jimbo moja la Kivu Kaskazini.

Ndege si anasa

Kuna wanaosema kwamba ndege ni shida ya matajiri, na kwamba mji wenye wakimbizi wa ndani wengi hivi una mambo ya haraka zaidi. Maneno hayo yangekuwa na uzito kama kungekuwa na njia nyingine. Hakuna reli inayounganisha Goma na Kinshasa. Hakuna barabara ambayo gari la kawaida linaweza kuifuata moja kwa moja kutoka Kivu hadi mji mkuu. Kuna mto: kutoka Kinshasa hadi Kisangani ni kilomita 1,734 za maji, na mashua zenye mizigo huchukua majuma kadhaa kupanda. Baada ya hapo msafiri bado ana msitu mzima mbele yake kabla ya kuona Nyiragongo.

Goma iko karibu zaidi na Bahari ya Hindi kuliko na Kinshasa. Mombasa iko kilomita 1,180 hivi angani, na Dar es Salaam 1,250 hivi. Biashara, lugha na ukoo vimekuwa vikivuta Kivu upande wa mashariki tangu zamani. Kilichokuwa kikivuta upande wa magharibi kila siku, kwa mtu wa kawaida, kilikuwa ni ndege: mwanafunzi anayekwenda Unikin, mfanyabiashara anayefuata mzigo wake uliokwama Matadi, jibini ya Masisi inayoliwa Kinshasa, mtumishi wa serikali anayetafuta karatasi yake wizarani. Ukiondoa ndege hiyo, Kinshasa inabaki sauti ya redioni.

Ndiyo sababu uwanja huo umepiganiwa siku zote. Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002, lava ilifunika karibu kilomita nzima ya njia ya kurukia iliyokuwa na urefu wa kilomita 3. Uwanja uliobaki mfupi uliendelea kufanya kazi, na ulikuwa na hatari zake: Aprili 2008 ndege ya abiria iliyoshindwa kupaa ilitoka nje ya njia na kuingia katika mtaa wa Birere, na watu makumi wakafa, wengi wao wakiwa chini kwenye shughuli zao. Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 52 kwa ajili ya usalama wa uwanja huo. Volkano haikuufunga moja kwa moja. Watu ndio wameufunga.

Nani analipa kilomita za ziada

Wa kwanza ni mgonjwa. Mtu mwenye saratani ama mwenye figo zilizochoka, ambaye daktari wake anamtuma Kinshasa, angevumilia saa mbili za ndege akiwa na mwuguzi pembeni. Hawezi kuvumilia basi, mpaka, ndege mbili na usiku mmoja kwenye kiti cha uwanja wa kigeni. Familia inaamua abaki, ama inamtafutia hospitali Kigali ama Kampala kwa pesa ambazo haina.

Wa pili ni asiye na pasipoti. Kwa safari ya ndani, kadi ya uchaguzi ilitosha. Kwa kupita Nairobi ama Addis Ababa, lazima pasipoti. Serikali ilipunguza bei yake hadi dola 75 mwaka 2025, hatua nzuri, lakini kwa mwalimu ama mwuza mboga wa Virunga pesa hizo bado ni nyingi, na zinatolewa kabla hata ya tiketi. Wengi kule Goma wana jeton ya kuvukia kwenda Gisenyi, basi. Kwa hao, mji mkuu wa nchi yao umekuwa mahali panapodai karatasi ambayo hawana, kama nchi ya kigeni.

Wa tatu ni mwenye msiba. Mzazi akifa Kinshasa, watoto walio Goma hawafiki maziko kwa wakati. Tiketi ya kimataifa ya siku hiyo hiyo ni ghali, na marehemu hangoji. Kilio kinafanyika kwa simu. Jambo hilo haliandikwi katika ripoti yoyote ya Umoja wa Mataifa, lakini katika mitaa ya Goma ndilo linalozungumzwa kwa uchungu zaidi, kwa sababu kuzika mzazi ni deni lisiloahirishwa.

Wa nne ni mwenye biashara ndogo. Mabenki ya Goma yalifunga milango tangu mji uanguke, na pesa taslimu zimekuwa adimu. Mtu huyo huyo asiyeweza kutoa makuta yake benki anadaiwa anunue tiketi mbili za kimataifa ili aende kuona msambazaji wake Limete. Anaacha. Anageukia Kampala ama Dar es Salaam, na hataona sababu ya kurudi upande wa Kinshasa hata njia itakapofunguliwa.

Hoja za pande zote mbili

Kinshasa ina hoja zake. Kukubali ndege za raia zitue kwenye uwanja unaoshikiliwa na waasi, inasema, ni kama kuwatambua kuwa serikali. Nani atatoza kodi? Nani atapiga muhuri? Nani atahakikisha kwamba ndege haileti silaha? AFC/M23 nao wana zao: uwanja ni karata mkononi mwao, na hawataki kuitoa bure.

Mwishoni mwa Oktoba 2025, katika mkutano wa Paris, Rais Emmanuel Macron alitangaza kwamba uwanja wa Goma utafunguliwa kwa ndege za misaada. Kinshasa ilikubali. AFC/M23 wakapinga mara moja, wakisema uamuzi umechukuliwa bila wao na haulingani na hali ilivyo mahali penyewe. Fahali wawili wakipigana, nyasi ndizo huumia. Na hata kama tangazo lile lingetekelezwa siku ya pili yake, lilihusu misaada tu. Mgonjwa, mwanafunzi na mwenye msiba wangeendelea kupita Kigali huku wakitazama ndege nyeupe zikipaa juu ya paa za nyumba zao.

Hoja ya kutambuliwa ni nzito, ila kuna mfano unaoonyesha kwamba ina jibu. Uwanja wa Sana'a, Yemen, ulifungwa kwa safari za abiria tangu Agosti 2016, mji ukiwa mikononi mwa Wahouthi. Aprili 2022 pande zilikubaliana kusimamisha vita kwa muda, na tarehe 16 Mei 2022 ndege ya Yemenia ikaruka kutoka Sana'a hadi Amman, Jordan, ikiwa na abiria ambao wengi wao walikuwa wagonjwa. Shida ya pasipoti zilizotolewa na Wahouthi ilikuwapo pia, ikakwamisha mambo kwa majuma, kisha ikapatiwa njia ya muda. Ndege hizo hazikuwafanya Wahouthi kuwa serikali inayotambuliwa na dunia, wala hazikumaliza vita. Zilimfikisha mgonjwa hospitalini.

Kwa Kongo jambo lingekuwa jepesi zaidi upande mmoja: Goma–Kinshasa ni safari ya ndani. Haihitaji viza wala pasipoti, na upande mmoja wa safari, N'djili, uko chini ya serikali kabisa. Kila abiria na kila sanduku vinaweza kukaguliwa Kinshasa, wakati wa kuondoka na wakati wa kufika. Upande wa Goma, ukaguzi unaweza kuwekwa mikononi mwa wahusika wasio na upande, MONUSCO ikiwa jirani kabisa na uwanja huo na OACI ikitoa wataalamu. Kuna kazi ya kiufundi ya kufanya kwanza, kwa sababu uwanja uliopitiwa na mapigano lazima usafishwe na vifaa vyake vipimwe. Kazi hiyo inahitaji majuma ama miezi. Sababu hiyo inafaa kuharakisha mazungumzo, si kuyachelewesha.

Lipi linawezekana sasa

Kwanza, wajumbe wanaozungumza Doha waandike safari za raia Goma–Kinshasa na Bukavu–Kinshasa kama kipengele cha pekee, mbali na ndege za misaada. Ndege moja kwa juma, mchana tu, kwa kampuni inayokubaliwa na pande zote, ingekuwa mwanzo. Wagonjwa, wanafunzi na wenye msiba wapewe viti vya kwanza.

Pili, kuna jambo ambalo serikali inaweza kufanya kesho bila kumwomba muasi ruhusa. Leo mkaaji wa Goma anayerudi nyumbani kupitia Nairobi anahesabiwa N'djili kama msafiri wa kimataifa, na anatozwa Go-Pass ya kimataifa, ambayo ni ghali kuliko ile ya ndani. Mtu huyo haendi nje. Anarudi Kivu Kaskazini, jimbo la Kongo, kwa njia ndefu ambayo hakuichagua. Kumtoza bei ya ndani, kwa kuonyesha kadi yake ya uchaguzi ya Goma ama ya Bukavu, ni hesabu ndogo kwa hazina na ni ishara kubwa kwa raia.

Tatu, kwa AFC/M23 wanaosema kila siku kwamba wanapigania wakaaji wa Kivu: wakaaji hao ndio wanaolipa kilomita zile za ziada. Anayesema analinda watu hawezi kuwafungia njia ya kwenda hospitali na ya kwenda kuzika. Kuachia ndege za raia zitue hakuwanyang'anyi hata kilima kimoja.

Nne, wabunge waliochaguliwa Goma, Nyiragongo, Masisi, Rutshuru na kwingineko, ambao sasa wengi wanaishi Kinshasa, wauulize umbali huu kwa sauti bungeni. Wao wanaujua vizuri, kwa kuwa wapigakura wao hawawezi tena kuwafikia.

Katika vita vya 1998 hadi 2003 nchi iligawanyika vipande, na safari za kawaida kati ya Kinshasa na mashariki zilikatika kwa miaka. Vilipokwisha, watu wengi walikuwa wamezoea kuishi kwa kutazama Kigali, Kampala na Dubai, na ilichukua muda mrefu mpaka Kinshasa iwe tena mji wa kwenda na kurudi. Mazoea ya namna hiyo hujengwa polepole, tiketi moja baada ya nyingine, na leo yanajengwa tena.

Kinshasa inasema kila siku kwamba Goma ni Kongo na itabaki Kongo. Wakaaji wa Goma wanakubali. Wanachoomba ni kwamba neno hilo lionekane pia kwenye tiketi: kilomita 1,560, saa mbili na robo, kadi ya uchaguzi mfukoni, kama mwenzao wa Lubumbashi.